Kabla ya Kuulaumu Mtutu

Msimu mmoja mzima bunduki yangu ya shabaha ilinipa mafungu mawili ya matundu badala ya moja. Katika mita 300, ambapo duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 100, risasi tano au sita zilitua pamoja kwa utulivu. Kisha, bila upepo kubadilika na bila mimi kuhisi kosa lolote kwenye kifyatuo, zilizofuata zikahamia chini kulia na kujenga fungu la pili, nalo zuri tu, vidole vitatu kutoka lile la kwanza. Mpigaji asiyetulia hutawanya matundu pande zote. Bunduki inayotoa mafungu mawili mazuri ina neno jingine la kusema, na mimi wakati ule sikulisikia. Nilifungua daftari, nikahesabu risasi 3,200 tangu mtutu ulipofungwa, nikakata shauri kwamba mtutu umekwisha.

Lilikuwa shauri la kivivu. Kila mpiga shabaha anajua kwamba mitutu huchakaa, kwa hiyo mtutu ndio mshukiwa wa kwanza katika kila kesi, hasa kwa vile dawa yake ni rahisi kuielewa: ondoa wa zamani, funga mpya. Mahali ambapo chuma kimelala juu ya kitako hapaonekani bunduki ikiwa imefungwa, na wengi wetu hatuna mazoea ya kuifungua ilimradi inapiga. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mtu aliye karibu kununua mtutu mpya, ili kabla ya kutoa fedha yake achukue bisibisi na kutazama chini.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Akshoni ni kile kisanduku cha chuma kinachobeba bolti (chuma kinachosukumwa kuingiza risasi na kuufunga mtutu kwa nyuma) na ambacho mtutu umefungwa kwa hesi upande wake wa mbele. Kitako hapa nakiita kiunzi chote, kiwe cha mbao, cha nyuzi za kaboni au cha alumini, kuanzia sehemu inayogusa bega hadi ile inayoshikwa na mkono wa mbele. Ulazaji ni namna akshoni inavyokaa ndani ya kitako hicho: inagusa wapi, haigusi wapi, na inashikwa kwa nguvu kiasi gani na skrubu mbili au tatu zinazotoka chini.

Risasi hukaa ndani ya mtutu kwa muda wa milisekunde moja na kitu hivi. Katika muda huo mfupi mtutu hutetemeka kama fimbo iliyogongwa, na mdomo wake huelekea huku na huku kabla risasi haijatoka. Hakuna fundi anayeweza kuuzuia mtetemo huo. Anachotafuta ni kuufanya uwe uleule kila mara, na sharti lake ni kwamba akshoni irudi mahali palepale baada ya kila teke. Ikiwa kitako kina mwinuko mdogo katikati, skrubu zinapokazwa huipinda akshoni kama upinde, na chuma hicho, ambacho mkononi huonekana kigumu kupita kiasi, hupindika kwa urahisi usiotarajiwa kwa kuwa kimetobolewa juu na chini ili kupitisha risasi na maganda. Akshoni iliyopindwa namna hiyo ina zaidi ya mahali pamoja pa kupumzikia. Teke moja huipeleka hapa, la pili huipeleka pale. Hapo ndipo yanapozaliwa mafungu mawili.

Kuna tukio la kale ninalolipenda kwa sababu hii. Tarehe 2 Julai 1860, katika mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha bunduki cha Uingereza huko Wimbledon, Malkia Victoria alifyatua risasi ya ufunguzi kwa bunduki ya mhandisi Joseph Whitworth iliyokuwa imefungwa juu ya kiegemeo cha chuma na kulengwa mapema kwenye shabaha iliyo umbali wa yadi 400. Malkia alivuta uzi wa hariri tu, na risasi ikagonga takribani sentimita tatu kutoka katikati. Magazeti ya siku zile yalikuwa na sababu zao za kumsifu malkia. Mimi sifa zangu nampa yule aliyekilaza chuma kile juu ya kiegemeo.

Kwa muda mrefu baada ya hapo ulazaji ulikuwa kazi ya mbao. Bunduki aina ya Lee-Enfield No. 4, ambayo wapiga shabaha wengi wa Jumuiya ya Madola waliitumia, ilikuwa na mtutu mwembamba uliofunikwa na mbao hadi karibu na mdomo, na maelekezo yake yalitaka mbao za mbele zisukume mtutu kwenda juu kwa nguvu ya ratili mbili hadi saba hivi. Msukumo huo ulituliza mtetemo wa mtutu mwembamba. Tatizo ni kwamba mbao hunywa unyevu na kuuachia: asubuhi ya ukungu msukumo ni mmoja, mchana wa jua ni mwingine, na mpigaji hubaki akigeuza kilengeo bila kujua anafukuza nini. Mashindano ya Bisley, huko Uingereza, yalipohamia risasi za milimita 7.62 mwishoni mwa miaka ya 1960, bunduki kama L39A1 zilitoka zikiwa na mtutu mzito na mbao za mbele zilizokatwa, mtutu ukiachwa uelee hewani bila kuguswa na chochote. Tangu wakati huo hiyo ndiyo kanuni karibu kila mahali: akshoni ishikwe kwa uthabiti, mtutu uachwe huru. Kipande cha karatasi kikunjwe mara mbili na kipite kati ya mtutu na kitako, kutoka mdomoni hadi karibu na akshoni, pasipo kukwama.

Namna ya kuishika akshoni kwa uthabiti ndiyo inayotofautiana. Njia inayotumika zaidi ni kuilaza ndani ya gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa chuma au alumini. Fundi huchonga kitako kwa patasi hadi kubaki nafasi ya milimita mbili au tatu chini ya akshoni, hupachika nguzo mbili za alumini mahali skrubu zinapopita ili mkazo ubebwe na chuma badala ya mbao, kisha humimina epoksi na kuilaza akshoni humo hadi ikauke kwa umbo lake lenyewe. Njia ya pili ni kitako chenye kiini cha alumini kilichochongwa kwa umbo la herufi V, ambamo akshoni ya duara hulala kwa mistari miwili. Njia hii ni safi na ya haraka, lakini nimeona viini vya aina hiyo ambavyo havikunyooka sawasawa, na utando mwembamba wa epoksi juu yake ukaleta tofauti iliyoonekana shabahani. Wapo pia wapigaji wa mezani, wale wanaoegemeza bunduki juu ya meza, ambao huigundisha akshoni moja kwa moja na kitako bila kutegemea skrubu, na wapo wanaobana mtutu wenyewe ndani ya bloku ya alumini na kuiacha akshoni ielee upande wa nyuma. Hizi mbili sina ugomvi nazo, ila zinamfunga mtu: anayetaka kubadilisha mtutu wa bunduki iliyogundishwa hana budi kwanza kufikiria namna ya kuufikia bila kuing'oa akshoni.

Katika ulazaji wa epoksi mambo mawili huharibu kazi nyingi. La kwanza ni haraka katika kuzuia gundi isishike chuma. Kila sehemu ya akshoni inayoingia kwenye epoksi lazima ipakwe nta au dawa ya kuachilia, na kila tundu, ufa na pembe iliyoingia ndani lazima izibwe kwa plastisini, kwa sababu epoksi ikipenya ndani ya tundu na kukauka hugeuka kuwa kufuli. Nta haifungui kufuli. Nimewahi kumsaidia mwenzangu kukata kitako kizuri vipande viwili kwa msumeno kwa kuwa alisahau tundu moja lisilozidi upana wa punje ya mchele. La pili ni kukaza skrubu wakati epoksi ingali laini. Ukikaza, unaipinda akshoni, na epoksi inaganda ikiwa imeinakili akshoni iliyopindika. Utakuwa umechonga upotofu wako kwa ustadi mkubwa. Akshoni inatakiwa izame kwa uzito wake, ikiongozwa na vijiti visivyo na vichwa badala ya skrubu, na kushikiliwa kwa mizunguko michache ya utepe, si kwa jiliwa.

Kisha kuna jino la kupokea teke, ambalo ndilo lililonipa adhabu. Jino hili huning'inia chini ya upande wa mbele wa akshoni na kuingia ndani ya mfereji kwenye kitako. Bunduki inaporudi nyuma, uso wa nyuma wa jino ndio unaosukuma kitako, na uso huo peke yake ndio unaopaswa kugusa. Mbele, kando na chini ya jino huachwa nafasi, na mafundi huipata kwa kubandika utepe wenye unene wa robo milimita hivi kabla ya kumimina epoksi, kisha kuuondoa. Jino likigusa chini, akshoni hukaa juu yake kama meza juu ya jiwe. Likigusa mbele, huna hakika tena kwamba limeegemea nyuma.

Kuupima ulazaji hakuhitaji kufyatua hata risasi moja. Funga kipimo cha saa, yaani kipimo chenye uso na mshale kama wa saa, kinachosoma mia za milimita, kwenye mtutu, ncha yake iguse mbele ya kitako, kisha legeza skrubu ya mbele polepole na utazame mshale. Rudia kwa skrubu ya nyuma. Mshale ukisogea mia mbili za milimita, yaani sehemu mbili kati ya mia za milimita moja, bunduki imelala vizuri. Ukipita mia tano, chuma kilikuwa kimepindwa na sasa kinapumua. Zoezi hili linachukua dakika kumi. Mimi sikulifanya kwa msimu mzima.

Badala yake niliagiza mtutu. Kwa kweli sikuwa mjinga kabisa kuushuku ule wa zamani. Risasi ya .308 Winchester husukumwa kwa shinikizo linalofikia zaidi ya bari 4,000, na gesi ya baruti ina joto la kutosha kuunguza ngozi ya ndani ya chuma pale kwenye koo la mtutu, mara tu mbele ya chemba, chumba ambamo ganda hukaa, ambapo mifereji inayoizungusha risasi huanzia. Ukitazama koo hilo kwa darubini ya ndani baada ya risasi elfu mbili, utaona nyufa zilizopasuka kama tope la bwawa lililokauka, na kila mwezi zinasonga mbele kidogo. Mtutu wa .308 kwa kawaida hudumu risasi 3,000 hadi 5,000 katika kiwango cha mashindano. Risasi kama 6.5-284, ambayo huchoma baruti nyingi kupitia tundu jembamba zaidi, humaliza mtutu kwa risasi elfu moja na ushei, na ile ndogo ya .22 ya mita 50 huweza kwenda makumi ya maelfu. Ukizidisha risasi 4,000 kwa muda ambao kila moja hukaa ndani, utakuta mtutu mzima umefanya kazi kwa sekunde tano hivi. Sijui chombo kingine ninachokimiliki chenye umri mfupi kama huo.

Lakini mtutu unaokufa una dalili zake, na mafungu mawili hayamo. Koo lililoliwa husogea mbele, na anayejaza risasi zake mwenyewe huligundua kwa kipimo, kwa kuwa hulazimika kuzitoa risasi nje ya ganda zaidi kidogo ili zifikie mifereji. Kasi hupungua. Fungu hupanuka taratibu, na katika umbali mrefu risasi moja moja huanza kuruka juu au chini pasipo sababu. Mtutu hauamki asubuhi moja ukiwa na mawazo mawili.

Kubadilisha mtutu ni kazi ya fundi mwenye leseni, na katika nchi nyingi sheria huuhesabu mtutu kuwa sehemu inayodhibitiwa kama bunduki yenyewe. Baadhi ya nchi hudai pia mtutu mpya ujaribiwe kwa risasi za shinikizo kubwa na kupigwa muhuri kabla ya kuuzwa. Kazi yenyewe ni nguvu ikifuatwa na upole. Mtutu hubanwa kwenye jiliwa lenye mataya ya alumini, spana maalumu huishika akshoni karibu kabisa na hesi ili isisokoteke, na baada ya mvutano wa kimya husikika mlio mmoja mkavu. Hapo nguvu zinaisha. Yanayobaki ni vipimo: chemba iliyokerezwa sambamba na tundu la mtutu, mdomo uliokatwa mraba bila ukwaruzo, na nafasi kati ya uso wa bolti na bega la chemba. Kwa .308 vipimo viwili vya chuma hutumika, kimoja ambacho bolti lazima ifunge juu yake na kingine ambacho isifunge, na tofauti kati yao ni sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka kila linapofyatuliwa na mwishowe hukatika karibu na mwisho wake wa nyuma, gesi ikitoka nyuma kuelekea uso wa mpigaji. Katika hili simwamini mtu anayesema anaona kwa macho.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wa mitutu hawalitaji mara nyingi. Kwenye Remington 700, na kwenye akshoni nyingi zilizofuata umbo lake, jino la kupokea teke halikuchongwa pamoja na akshoni. Ni bapa la chuma lenye tundu, linalobanwa kati ya akshoni na bega la mtutu. Ukifungua mtutu, jino linatoka. Ukifunga mtutu mpya, jino linaweza kukaa limegeuka nyuzi moja au mbili, au fundi akakushauri, kwa nia njema, uweke jino nene zaidi lililosawazishwa. Kwa hiyo mtu anayedhani amebadilisha mtutu peke yake huwa ameugusa ulazaji pia. Mtutu mpya ukiwa mnene kuliko wa zamani, unaweza kugusa ile sehemu ndogo ya epoksi ambayo mafundi wengine huiacha chini ya chemba, au ukingo wa mfereji wa kitako mbele. Ukiwa mrefu na mzito zaidi, uzito wake unaoning'inia hewani huivuta akshoni kwa namna ambayo epoksi ya zamani haikuumbwa kuibeba.

Yangu ilikuwa bunduki ya aina hiyo. Fundi alifanya kazi safi, akanifungia mtutu mpya na jino nene, tofauti ya milimita moja na nusu hivi na lile la awali, akaniambia wazi kwamba kitako kinahitaji kulazwa upya. Mashindano yalikuwa wiki ile. Nilichukua patasi, nikakwangua epoksi ya mbele ya mfereji hadi akshoni ikaingia, nikakaza skrubu, nikaenda. Mafungu mawili yalikuwa yamekwisha. Mahali pake palikuwa na fungu moja lililosimama wima kama nguzo, karibu mara mbili ya urefu wa duara la kumi. Nilimaliza mashindano nafasi ambayo sitaitaja.

Ndipo nilipochukua kipimo cha saa. Skrubu ya mbele ilisogeza mshale mia tatu, kasoro ndogo, ikielezwa na kona moja ya jino ambayo patasi yangu haikuifikia. Skrubu ya nyuma ilisogeza mia kumi na saba. Nilipoitoa akshoni na kuigusa nguzo ya nyuma kwa kidole, ilizunguka ndani ya tundu lake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mbao zilizoizunguka zilikuwa nyeusi na laini, zikinuka dawa ya kusafishia mtutu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisafisha bila ile bomba ya kuongozea ufito, na kila mara matone machache ya dawa na mafuta yalitiririka kupitia nyuma ya akshoni, yakashuka kwenye tundu la skrubu, yakalainisha mbao na kuiachanisha gundi. Akshoni ilikuwa imekaa mbele juu ya epoksi imara na nyuma juu ya sifongo. Jibu la mafungu mawili lilikuwa hapo, chini ya kidole changu, na lilikuwa hapo kabla sijaagiza kitu chochote.

Kurekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kubadilisha mtutu. Nilichimba mbao zote zilizolowa hadi nikafika penye rangi ya asili, nikaziosha kwa asetoni mara nyingi na kuziacha siku kadhaa zitoe mafuta, kwa sababu epoksi haishiki penye mafuta hata ukiisihi. Nilipachika nguzo mpya zenye mikwaruzo ya kuzunguka kama hesi kwenye ubavu ili gundi ipate pa kung'ang'ania. Nililizungushia jino utepe mbele, kando na chini, nikaacha uso wa nyuma wazi. Nililaza akshoni jioni na sikuigusa hadi jioni ya pili, ingawa niliipitia mara tatu kuitazama, jambo ambalo halisaidii epoksi. Ilipong'olewa, umbo lake lilibaki ndani ya kitako liking'aa, na alama ya kila mkwaruzo wa chuma ilionekana. Mshale wa kipimo ulisogea mia moja kwa skrubu ya mbele na mia moja na nusu kwa ya nyuma. Mtutu mpya ulirudisha fungu moja la mviringo kuanzia siku ya kwanza.

Kulikuwa na swali lililobaki, na nilihitaji kulijibu hata kama jibu lingeniumiza. Uso wa nyuma wa jino hukaa palepale, sawa na uso wa mbele wa akshoni, jino likiwa nene au jembamba. Unene unaongezeka upande wa mbele tu, ambako nafasi imeachwa. Maana yake mtutu wa zamani, pamoja na jino lake la zamani ambalo chemba yake ilipimwa nalo, ungeweza kukaa ndani ya ulazaji mpya bila kubadilisha chochote. Msimu ulipokwisha nilimrudishia fundi yote mawili, akafunga, akapima nafasi ya bolti, akanitazama bila kusema neno. Katika mita 300, kukiwa na upepo mdogo wa kushoto, nilipiga risasi kumi na tano. Zote ziliingia ndani ya duara la kumi, isipokuwa moja niliyoivuta mwenyewe na niliyoitangaza kabla ya kuitazama. Mtutu ule ulipiga risasi nyingine 1,100 kabla koo lake halijakwisha kwa haki, na daftari langu lina ukurasa wake, wenye tarehe mbili za kufungwa na hukumu yangu ya kwanza iliyokatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu.